Mama Furaha, parseli ya mzee usiiandikishe kwa jina ya mutoto

Mama Furaha wangu, jambo,

Voisi yako niliisikiliza yote, ulikuwa unaongea mbiombio kweli, sasa naandika juu hii mambo si ya kujibu na emoji. Mzee wako, baba yako, alipita tena hapa Lubumbashi, akakaa pa barza, akasema parseli (kiwanja) yake ya Katuba yote ni ya Furaha, mutoto wako mwenye ulemavu, wale wengine wako na nguvu ya kujitafutia. Ni upendo, sikatai. Lakini inaweza kumuharibia mutoto, na sheria ya hapa pia haimuachii.

Ya hapa ni fupi. Code de la famille ya 1987, sheria ya familia ya Kongo, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, na testama (wasia) haiwezi kuigusa. Furaha ni mjukuu na wewe uko hai, Mungu asifiwe, basi mzee akiandika yote kwake, kilio kikiisha kaka zako wanakimbilia tribinali na wanashinda.

Ya huko Marekani njo inaniogopesha. Furaha ametimiza 18, anapata SSI (feza ya kila mwezi yenye serkali inapatia watu wenye ulemavu na mapato kidogo) na Medicaid (bima ya afya ya serkali), na SSI inakataa mutu mwenye mali ya kupita dola 2,000. Hiyo kiasi ni ya tangu 1989, fikiria, kila kitu kimepanda bei isipokuwa hiyo! Parseli hata ikiwa Lubumbashi, kama ni ya kwake na hakai mule, inahesabiwa.

Kwa hiyo trust yenye avoka wako alikushauria, ni kusema mali yenye mutu mwingine anashika kwa faida ya Furaha, mimi nimeipenda. Feza inakuwa ya trust, Furaha anafaidi lakini hawezi kuitoa wala kuidai, ndiyo maana haihesabiwi yake. Ila sehemu yako ya parseli ikiuzwa, feza itoke kwako iingie mule moja kwa moja, isipite ku banki ya Furaha hata siku moja. Ikiwa yake kwanza, inaomba trust ya namna ingine, ile ambayo yeye akifa serkali inajilipa kwanza gharama ya Medicaid, ndugu zake wanapata yenye kubakia kama inabakia. Feza ya muzazi haina hiyo deni.

Sasa mwenye kuishika. Unamtaja kaka yako mkubwa juu ni mkubwa, aa, hapana. Huyu ni mutu wa moyo, mutoto akilia anamupa keshi mkononi, na keshi inapunguza SSI ya ule mwezi. Trustee, ule mwenye kushika trust, anapaswa kulipa mwenyewe dentiste, simu, kiti cha magurudumu, na kutunza risiti zote, hata za vitu vidogo. Unaweza kutia wawili, mutu wa familia na banki, ao uingie mu zile trust za pamoja zenye kusimamiwa na mashirika yasiyo ya faida, kama feza si mingi. Kaka yako umuache akuwe mjomba, hiyo kazi anaijua sana.

Tena andika barua ya Furaha mwenyewe: dawa zake, vile anaogopa kelele ya mvua, vile hakuli bukari kama imepoa. Haina nguvu ya sheria lakini trustee asiyemujua ataishi nayo.

Mzee anangoja simu yako dimanche kisha misa. Mwambie wewe, mimi nikisema anafikiri kaka zako wamenituma.

Wako, Mama Dani