Kwako mdogo wangu, uliyeifuta sheria ya kona

Mdogo wangu,

Najua bado umenuna. Mama anauliza mbona huonekani Pasiansi, namjibu kazi zimekubana. Siwezi kumweleza kwamba ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya programu ya chesi.

Nilikuambia ufute sheria za ufunguzi, zile ulizoiandikia programu yako kwa hatua za mwanzo wa mchezo, na leo ningekuambia vilevile. "Malkia asitoke kabla ya hatua ya 10" ni somo la mtoto anayeanza. Programu inayotazama hatua saba mbele kwa kila upande inaona yenyewe kama malkia atafukuzwa. Ukimfungia, siku akipata askari wa bure atamwacha. Claude Shannon, mwanahisabati aliyetangulia kueleza jinsi kompyuta inavyoweza kucheza chesi, alishaandika mwaka 1950 thamani za kuhesabia nani anaongoza: malkia 9, ngome 5, askofu na farasi 3, askari 1, na 0.1 kwa kila hatua halali uliyonayo. Hiyo 0.1 inazitoa kete nje bila kuambiwa. Malkia akikimbilia nje mapema kwa sababu yake, mpunguzie uzito humo humo kwenye hesabu. Huhitaji katazo.

Lakini ile jioni ya Kirumba siisahau. Programu yako ilikuwa na ngome, askofu wa miraba myeupe na askari wa safu ya h, dhidi ya ngome tupu. Ikabadilishana ngome, maana anayeongoza hupunguza kete, na hesabu ilibaki 3 na 1, yaani 4 juu. Mfalme mweusi akaingia h8, kona ambayo askari yule alipaswa kugeukia malkia, mraba mweusi ambao askofu yule hawezi kuugusa milele. Sare. Ukasimama mbele za watu ukasoma nusu ya ujumbe wangu: "Futa sheria maalumu." Nusu ya pili ilisema uiache ya kona, ile inayoiambia programu kwamba nafasi kama hii ni sare. Hukuisoma.

Sare ile utafutaji, yaani kule kutazama hatua za mbele, hauwezi kuiona. Kanuni ya hatua 50 za kila upande, inayotoa sare pasipo kuliwa kete wala kusogezwa askari, iko mbali, nusu-hatua 100, na njiani kote tathmini inaendelea kusema 4. Hapo ndipo sheria maalumu inapostahili: pale ambapo kina cha utafutaji hakifiki na jumla ya uzito inadanganya. Iandike fupi: askofu mmoja, askari wake wote wapo safu ya pembeni moja, rangi ya mraba wa kugeukia si ya askofu, mfalme wa adui ameshika kona hiyo, adui hana kete nyingine, rudisha 0, yaani sare. Mfalme akiwa bado njiani, mwachie utafutaji, utamwona akifika.

Usiniambie mitandao ya neva, inayojifunza yenyewe kutathmini nafasi, imemaliza mjadala. Stockfish, programu maarufu ya chesi, iliupokea mtandao wake mwaka 2020, na 2023 ikaondoa tathmini iliyoandikwa kwa mkono. Hata hivyo, mbinu yake ya kujaribu kupisha zamu ili kukata matawi ya utafutaji yasiyofaa bado ina sharti lake: haitumiki mwenye zamu akibaki na mfalme na askari tu, kwa kuwa hapo kulazimika kucheza kwenyewe kunaweza kumwangusha. Kanuni pana, sharti moja. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakidai, na wewe ukanifanya nionekane mpinga sheria zote.

Irudishe. Kisha pambanisha toleo lenye sheria na lisilo nayo, ufunguzi uleule kwa rangi zote mbili. Michezo 100 haitoshi, bahati peke yake inaweza kukupotosha kwa pointi 50 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji. Acha ifike maelfu. Pia lipe kila toleo nafasi za askofu na askari wa pembeni za kuanzia, maana katika michezo ya kawaida hutokea mara chache mno. Matokeo niletee mwenyewe Jumapili, Mama atakuwa amepika sato.