Kabla hujatundika hizo rafu

Ndugu yangu,

Salamu nyingi, huku wote wazima. Nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee, naomba uniwie radhi; hayo tutayaongea tukionana. Leo naandika mbiombio kwa sababu Mama Neema kaniambia Jumamosi unatundika rafu kwenye kenchi za gereji, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Tafadhali, subiri kwanza.

Zangu zimeanguka. Nilizifunga kwa skrubu nne, zimeingia kutokea chini, katikati kabisa ya mbao ya chini ya kenchi. Juu yake nikapanga makopo sita ya rangi ya lita 20. Kopo moja linapita kilo 25, kwa hiyo zaidi ya kilo 150 zilikuwa zikivuta skrubu zile usiku na mchana. Namshukuru Mungu watoto walikuwa shule. Skrubu moja nimeiweka mezani hapa: haikupinda wala kukatika, imechomoka tu, na nyuzi zake zimejaa unga wa mbao.

Nikapanda ngazi na tochi. Bati lenye meno linalounga mbao za kenchi limenyanyuka upande mmoja, ukucha unapita. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko rafu. Fundi amenikataza kuligonga lirudi, anasema meno yakishang'oka hayashiki tena kama mwanzo.

Ile mbao ya chini tunaiona kama boriti ya kubebea vitu, kumbe kazi yake ni kuzuia miguu ya paa isitanuke. Inavutwa huku na huku kama kamba. Mara nyingi imepigiwa hesabu ya kubeba dari basi, si stoo, na mzigo ukikaa katikati, mbali na maungio, inapinda.

Fundi anayejua hesabu za paa lako akikuruhusu, laza mbao nene juu ya hizo mbao za chini, zikingame kenchi tatu au nne, karibu na maungio. Rafu ining'inie kwenye hizo mbao kwa bolti ndefu zinazopita mpaka juu, na washa pana na nati. Hapo mzigo unagawanyika na kenchi yenyewe haitobolewi. Mabati ya maungio usiyaguse kabisa. Na hata hivyo weka vyepesi tu: mahema, masanduku matupu. Rangi, vitabu na vyuma viwekee rafu yenye miguu, isimame sakafuni. Nakusihi, rangi usiipandishe juu.

Sasa niambie, kenchi zako zimeachana kiasi gani? Maungio ni ya mabati au ya bolti? Ile ramani ya paa bado unayo? Yule aliyekuezekea anapatikana? Ulitaka kuweka nini huko juu hasa, na gari litalala chini yake? Na mguu wa shemeji umepona?

Nijibu kabla ya Jumamosi, hata kwa maneno mawili.

Nduguyo,
Baba Asha