Risala ya WAWATA kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wagonjwa Duniani

Ndugu mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, masista, viongozi wa kijiji, ndugu zetu Waislamu mliokuja kuungana nasi, na ninyi wagonjwa wetu mlioketi hapa mbele: Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Sisi akina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, wa parokia hii, hapa Masasi, tunakushukuru kwa kuja leo, tarehe 11 Februari, siku ambayo Papa Yohane Paulo II aliiweka mwaka 1992 iwe ya wagonjwa duniani kote.

Ndugu mgeni rasmi, ukitaja Ndanda, au Nyangao kule Lindi, watu wa kusini huikumbuka hospitali kabla ya kanisa. Wazazi wetu walitibiwa kwa masista, na pale hakuna aliyeulizwa dini. Lakini mazoea hayo yametufanya wengi tuione tiba kama sadaka ya watu wema: ukipata, shukuru; ukikosa, nyamaza. Kanisa halifundishi hivyo. Katika waraka wake Pacem in Terris wa tarehe 11 Aprili 1963, Papa Yohane XXIII aliitaja tiba pamoja na chakula, mavazi na makazi, kuwa ni haki ya mtu. Akaongeza haki ya kutunzwa mtu anapougua, anapofiwa na mume, anapozeeka.

Mwenzetu mmoja, mwaka jana mwezi wa saba, mume wake alizidiwa na ngiri usiku. Mikorosho ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua, na fedha ya mnada bado iko mbali. Kituo kimoja walichofika kilitaka malipo kwanza. Mama yule alikaa kwenye benchi, akafungua pindo la kanga, akahesabu noti zake, akazihesabu tena. Hazikutosha. Alfajiri akarudi kijijini kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada kwa bei ya chini, zikiwa bado maua mtini. Mume alipona, Mungu ashukuriwe. Msimu ulipofika, mavuno yalikuwa ya mtu mwingine, na watoto hawakuwa na sare.

Katika Injili, yule Msamaria mwema alimfunga majeruhi vidonda, akamfikisha nyumba ya wageni, ndipo akatoa dinari mbili; deni lililobaki akasema atalilipa akirudi. Majeruhi hakuulizwa mfukoni ana nini.

Tumeanzisha mfuko wa wagonjwa. Kila mama hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na wakati wa korosho huongeza kilo moja. Umesaidia nauli za bodaboda na dawa, ila upasuaji mmoja tu huumaliza wote.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, mchango wa bima ya afya ukusanywe wakati wa malipo ya korosho, kupitia AMCOS, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika, wakati mkulima ana fedha mkononi. Bunge lilikwisha kupitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Wakulima tunaomba kalenda yake ifuate msimu wetu. La pili, msamaha wa malipo ya matibabu kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza ubandikwe ukutani katika kila zahanati, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, ili bibi asiyeujua asirudishwe mlangoni.

Baada ya Misa tunakuomba upite kwenye mabenchi ya mbele. Wagonjwa wamekusubiri tangu asubuhi, na wana maneno yao wenyewe.

Ni sisi,
Akina mama wa WAWATA, Masasi