Tusiseme ni baridi tu

Ndugu Mhariri,

Kila Olimpiki ya majira ya baridi inapokaribia, kurasa za michezo humrudia Philip Boit wa Kenya: Nagano, Japani, 1998, mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba zinazofungwa chini ya viatu, nafasi ya 92 na ya mwisho, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mstarini na kumkumbatia. Heshima hiyo Boit anaistahili. Kinachotusikitisha ni maelezo yanayofuata, eti mtu wa nchi ya joto haiwezi baridi. Siku ile theluji ilikuwa imelowa mvua, na theluji ya namna hiyo huwatesa hata waliozaliwa juu yake. Msomaji asipoambiwa kwa nini, atabaki kudhani ni mambo ya damu.

Chukua wikiendi moja ya vyuo vya kaskazini mashariki mwa Marekani, Dartmouth, Middlebury, Vermont na wenzao. Mashindano yao ya skii huitwa kanivali na huchukua siku mbili, kwa kawaida Ijumaa na Jumamosi. Siku moja huweza kuwa ya klasiki, ambapo skii hupita ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji na miguu hupishana kama ya mtu anayetembea. Nyingine huwa ya mtindo huru, wa kujisukuma pembeni kama mwenye viatu vya magurudumu. Kila mbio huhesabiwa watatu bora wa chuo, na pointi za wanawake na wanaume hujumlishwa pamoja na za wenzao wanaoteremka milima. Kwa hiyo wa tatu akikwama, timu nzima inaumia.

Kazi huanza gizani. Fundi anayeandaa skii hapimi hewa tu, huchomeka kipimajoto ndani ya theluji, tena kivulini, kwa sababu hewa inaweza kufika nyuzi 4 lakini theluji haivuki sifuri.

Skii ya klasiki ina upinde katikati. Ukisimama kwa miguu miwili, sehemu iliyo chini ya kiatu hubaki juu kidogo. Ukitupa uzito wote kwenye mguu mmoja, upinde hulala na sehemu hiyo hugusa theluji. Hapo ndipo hupakwa nta ya kushika, inayozuia skii kurudi nyuma. Kupima ni rahisi: weka skii kwenye sakafu tambarare na pitisha karatasi chini ya kiatu. Kwa miguu miwili karatasi iteleze mbele na nyuma, kwa mguu mmoja ibanwe. Isipobanwa, skii ni ngumu kuliko uzito wako, na hakuna nta itakayokupandisha mlima.

Eneo hilo hukwaruzwa kwa msasa namba 100 au 120, hupakwa nta ya msingi, huyeyushwa kwa pasi na kuachwa lipoe. Juu yake huja tabaka nyembamba nne hadi sita, kila moja ikilainishwa kwa kipande cha kizibo. Tabaka moja nene haifanyi kazi hiyo, hukokota tu. Siri yenyewe iko kwenye chembe za theluji: mguu unapokanyaga, chembe huchoma nta na kushika, na skii inapoteleza huachia. Nta ikiwa ngumu mno, hazichomi, na mguu hurudi nyuma kila hatua. Ikiwa laini mno, huchoma na kubaki humo, huganda, zinaita nyingine, na skii inakuwa kama kiatu kilichokanyaga tope la mfinyanzi wakati wa masika.

Karibu na sifuri, theluji mpya ikiwa bado inaanguka, makosa yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja katika mzunguko mmoja: anateleza nyuma penye jua, anagandiwa kwenye kivuli cha misonobari. Wengine huacha nta kabisa na kutumia skii ambayo chini ya kiatu imekwaruzwa mpaka ikaota manyoya madogo. Dawa hiyo nayo ina kipimo chake, kwa kuwa mifereji ikishasuguliwa na washindani hamsini hung'aa, na manyoya hayashiki tena. Kwa theluji iliyoyeyuka na kuganda upya kuna klista, nta nzito kama gundi. Hupakwa ikiwa ya moto, nyembamba, kisha skii ipoe nje kabla ya kugusa theluji. Ukiiweka chini ikiwa vuguvugu, umeshatengeneza barafu.

Nta ya kutelezea ni kazi ya pasi, kikwangulio na brashi, siku zote kutoka ncha ya mbele kwenda nyuma. Pasi isisimame mahali pamoja, itaunguza plastiki ya chini. Nta inayosahaulika ndani ya vichirizi, mifereji midogo iliyo chini ya skii, hupunguza kasi badala ya kuiongeza. Tangu msimu wa 2023/24 Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard, FIS, limepiga marufuku nta zenye kemikali ya florini, na brashi ya zamani inaweza kuambukiza skii safi ikakufukuzisha mashindanoni. Fimbo za kujisukumia pia zina sheria: kwenye klasiki zisizidi asilimia 83 ya urefu wa mtu akiwa na viatu vyake.

Na baridi yenyewe? Kanuni za FIS zinaahirisha au kufuta mbio ikiwa sehemu yenye baridi kuliko zote njiani iko chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata Wanorway hawaachwi wakimbie humo.

Familia zinazozungumza Kiswahili zipo Burlington na Lewiston, na skii ni mchezo wa shule katika majimbo yote mawili, Vermont na Maine. Watoto wao wanawasoma ninyi pia, kwa simu za wazazi. Tunaomba mwandishi wenu atakayeandika tena habari za Nagano amuulize fundi: theluji ilikuwa nyuzi ngapi, na chini ya kiatu kulipakwa nini?

Wasomaji wenu,
Burlington, Vermont, Marekani