YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA SWALI LA "SHULE YETU NI YA NGAPI?"

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ya Kutwa,
Manispaa ya Temeke,
Dar es Salaam.

Juni 2025

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunamshukuru Mungu tunafunga muhula salama. Ripoti ya maendeleo ya mtoto wako imeambatanishwa na barua hii. Tarehe ya kufungua na mahitaji ya muhula wa pili yameandikwa chini ya ripoti, baada ya maoni ya mwalimu wa darasa, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi hii nataka niitumie kwa swali lililoulizwa kwenye kikao cha wazazi, likapigiwa makofi, kisha muda ukatuishia: shule yetu ni ya ngapi?

Jibu fupi ni kwamba hakuna anayetupanga. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, yaliyotoka Januari 2023. Orodha mnazotumiana kwenye magrupu ya WhatsApp hutengenezwa na watu wenye muda wao, na mara nyingine na watu wenye shule zao. Lakini najua aliyeuliza hakuwa na shida na namba. Alitaka kujua kama mtoto wake yuko mahali pazuri au anapotezewa miaka minne. Hilo linajibika, na sehemu kubwa ya jibu mnaweza kuitafuta wenyewe bila kunitegemea mimi, ambaye nina kila sababu ya kuisifia shule ninayoiongoza.

Tuanze na matokeo, maana ndiko kila mtu anakoanzia. Kidato cha Nne huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mwanafunzi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Mwenye pointi 7 hadi 17 yuko Divisheni I, 18 hadi 21 ni II, 22 hadi 25 ni III, 26 hadi 33 ni IV, na zaidi ya hapo ni sifuri. Sasa chukua kalamu. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Huyo yuko Divisheni IV, na kwa hesabu ya taifa amefaulu. D yenyewe inaanzia alama 30 kati ya 100. Kwa hiyo ukisikia shule yoyote, hata hii yetu, inatamba kwamba ufaulu umepanda, swali la kuuliza papo hapo ni wangapi wako kati ya Divisheni I na III. Nafasi ya Kidato cha Tano inataka angalau C tatu na pointi zisizozidi 25. Tofauti ya mwenye 25 na mwenye 26 ni pointi moja tu, ila mmoja anasubiri kupangiwa shule na mwingine anaanza kuulizia vyuo.

Ukurasa wa matokeo wa kila shule uko wazi kwenye tovuti ya Baraza. Wengi hutafuta namba ya mtihani ya mtoto wao tu, wakaipata, wakafunga. Shukeni hadi chini kabisa. Kuna jedwali la waliosajiliwa na waliofanya mtihani. Kuna jedwali jingine la kila somo na wastani wake. Hilo la masomo ndilo ninaloliogopa na kuliheshimu zaidi, kwa kuwa halina pa kujifichia: utaona Kiswahili na Historia zinaibeba shule huku Hisabati ikiwa imelala. Hisabati imelala karibu nchi nzima mwaka hadi mwaka, lakini hiyo si sababu ya mkuu wa shule kulala nayo. Mzazi anayekuja na jedwali hilo mkononi na kuniuliza "Mwalimu, Fizikia mnaifanyia nini?" huyo nitamtengea kiti.

Kuna namba moja haimo kwenye ukurasa huo, nayo kwangu ndiyo inayosema ukweli kuliko zote: wangapi waliingia Kidato cha Kwanza miaka minne nyuma, na wako wapi leo. Zipo shule zinazong'ara kwa sababu asiyefikisha wastani huambiwa atafute kwingine, au hushauriwa kwa upole akajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, ili alama zake zisihesabiwe kwao. Wanaobaki ni wale ambao wangefaulu popote. Shule ya namna hiyo ikipata Divisheni I tupu, sijui tumpongeze mwalimu au mlango wa kutokea.

Sisi hatuna mlango huo, lakini watoto wanatupungukia kwa njia nyingine. Mama amehama chumba kwa sababu ya kodi, kutoka Tandika hadi Chamazi, na nauli imeshinda. Kijana ameonja pesa ya bodaboda. Binti amepata ujauzito. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, binti huyo ana haki ya kurudi kwenye mfumo rasmi na kukaa darasani kama wenzake, na nawaomba msiwafiche ndani kwa aibu. Tuleteeni, hata kama amekaa nje muda mrefu. Mkitaka kunipima, nipimeni kwa rejesta: jina likikatika siku kadhaa mfululizo, je, mwalimu wa darasa alipiga simu? Kama hakupiga, nina kesi ya kujibu.

Halafu kuna suala la nani anaingia. Mtihani wa darasa la saba una jumla ya alama 300, na daraja C huanzia 121. Shule za vipaji maalumu, za Kibaha, Ilboru, Kilakala na nyingine za aina hiyo, hupewa watoto waliopasua juu kabisa. Sisi ni shule ya kata. Tunapokea wa 125 na wa 230, wanakaa dawati moja, na wote wawili wametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba; hapa wanakuta Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Kulinganisha matokeo yetu na ya Kibaha bila kuangalia tulianzia wapi ni kumsifu fundi cherehani kwa uzuri wa kitambaa ulichompelekea. Kipimo cha haki ni safari: mtoto aliingia na nini, ametoka na nini. Ndiyo maana kwenye ripoti za muhula huu tumeandika, pembeni ya alama za sasa, alama zake za muhula uliopita. Kwa Kidato cha Tatu tumeweka pia za Upimaji wa Kidato cha Pili. Kidato cha Kwanza wana muhula mmoja tu, hivyo wao wana matokeo ya jaribio la mwanzoni mwa mwaka. Mtoto aliyetoka 28 akafika 41 kwenye Hisabati ana D tu, na nafasi yake darasani haitamfurahisha baba. Mimi huyo ningemnunulia soda.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kiko nyumbani kwako, ndani ya begi.

Fungua madaftari ya mtoto jioni moja, yote, bila hasira. Tazama tarehe. Somo lenye vipindi vitano kwa wiki haliwezi kuwa na kurasa sita tangu Januari. Tazama wino mwekundu. Alama ya vema iliyochorwa kwa haraka kutoka juu hadi chini ya ukurasa, bila kosa hata moja kuzungushiwa, maana yake mwalimu amepitisha kalamu tu, hajasoma. Tazama kama kuna masahihisho: swali lililokosewa, likarudiwa, likapatiwa. Hapo ndipo mtu hujifunza, na hapo ndipo shule nzuri hutofautiana na shule yenye rangi nzuri. Tazama pia kama mtoto ameandika kwa maneno yake au amenakili ubao neno kwa neno, maana anayenakili tu huonekana mwema hadi siku ya mtihani. Usipoelewa Kiingereza cha humo, usiwe na wasiwasi. Mwambie akueleze kwa Kiswahili ukurasa mmoja. Akishindwa kabisa, tumewakosea wote wawili.

Nawaambia mapema mtakachokuta. Daftari la Fizikia la Kidato cha Tatu lina pengo. Mwalimu alihamishwa, nafasi haijajazwa, na kwa sasa anatusaidia kijana anayejitolea. Barua ya maombi iko kwa Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa. Mkondo wa Kidato cha Kwanza nao una watoto karibu mara mbili ya 40 wanaotakiwa kwa darasa moja, kwa hiyo insha zinasahihishwa kwa kuchelewa. Mwalimu anayebeba rundo hilo kwenye daladala kwenda nalo nyumbani hahitaji kusemwa vibaya kwenye grupu la wazazi.

Wapo wanaopima shule kwa ukali. Huniambia, "Mwalimu, shule fulani wanachapa kweli kweli, ndiyo maana wanafaulu." Mimi sioni uhusiano huo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na kila tukio liandikwe kwenye daftari maalumu. Daftari hilo lipo ofisini kwangu, na mzazi ana ruhusa ya kuliona. Shule isiyo na daftari hilo huku fimbo zimejaa korido, hiyo mwogopeni mwalimu wake wa nidhamu hata kama matokeo yanapendeza.

Vyoo navyo ni kipimo, tena cha haraka. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hatujafika. Chumba cha kujisitiri wasichana tunacho, na maji yanatoka siku nyingi za wiki. Mkitembelea shule yoyote mnayofikiria kumhamishia mtoto, msiishie ofisini kwenye vikombe vya michezo. Ombeni kupita chooni.

Kuhusu fedha, wengi wanaamini elimu bila ada maana yake shule ina kila kitu. Tangu Januari 2016 Serikali inalipa fidia ya ada shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa kwa mwaka, na ruzuku ya shilingi 25,000, ambayo nusu yake ni ya vitabu na haipiti kwetu. Ruzuku inayofika shuleni ni 12,500, yaani kama elfu moja na kidogo kwa mwezi kwa kila mtoto, ya chaki, karatasi za mitihani, michezo na kitasa kilichovunjika. Kila fedha inapoingia tunabandika kiasi na matumizi kwenye ubao wa matangazo karibu na lango. Usomeni, ni haki yenu. Mchango wa makande ni makubaliano yenu wenyewe kwenye kikao, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu yake. Asiyeweza aje tuongee. Ila nawaambia kwa uzoefu, vipindi vya mchana hufundishika pale watoto wamekula.

Wathibiti Ubora wa Shule wakija hukagua ufundishaji, uongozi, mazingira, afya na ushirikiano wetu na ninyi, kisha huacha ripoti. Wawakilishi wenu kwenye Bodi ya Shule wanayo. Waulizeni yaliyopendekezwa na yaliyokwisha kufanyika.

Jambo la mwisho ni kwa wenye wadogo zao shule ya msingi. Walioko darasa la nne na la tano mwaka huu watamaliza pamoja mwaka 2027, hao wa nne wakiwa la sita na hao wa tano wakiwa la saba, kwa sababu sera mpya ya elimu imeifanya shule ya msingi kuwa ya miaka sita. Januari 2028 tutapokea mikupuo miwili kwa mara moja. Shule itakayopimwa vibaya mwaka huo ni ile itakayokuwa haijaanza kujenga sasa. Bodi itawaita mwezi Agosti kuhusu madarasa, na ninaomba akina baba nao waonekane. Vikao vyetu vimejaa akina mama na bibi.

Kipande cha chini cha ripoti kikatwe, kisainiwe na kirudi na mtoto siku ya kufungua. Tumeongeza mstari mmoja: "Nimekagua madaftari ya masomo yafuatayo." Jazeni kwa ukweli. Kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Nne, waruhusuni wapitie mitihani ya nyuma angalau asubuhi, hata kama kuna genge la kuangalia. Na konda akimkatalia mtoto nauli ya shilingi 200, aandike namba ya gari aniletee.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

(Sahihi na muhuri)
MKUU WA SHULE

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule
Afisa Elimu Kata
Ubao wa matangazo