Zuhura, mbolea iache kwanza

Berlin, 9 Machi 2025

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila baridi bado haijataka kuondoka. Picha zako zimefika zote, na nimezitazama moja moja kwenye kompyuta. Uchungu wako nauelewa. Umenunua mbegu za bangi kwa pesa yako, umefuata sheria ya Ujerumani kama ilivyo, mimea mitatu na si zaidi, halafu majani yanageuka manjano kabla mche haujafika hata urefu wa kiganja. Najua pia kwamba chupa ya mbolea umeshaifungua. Tafadhali ifunge, uirudishe kabatini.

Kule kitaluni ninakofanya kazi tunakuza miche ya nyanya na matango mwaka mzima, na miche michanga inayokufa kwa njaa ni michache sana. Inayouawa na maji ndiyo mingi. Bangi haina tofauti na hiyo. Mche wa wiki mbili una mizizi michache, na udongo wa mfuko kama uliotumia wewe tayari umechanganywa na mbolea ya kuulisha kwa wiki kadhaa. Ukimwagia nyingine juu yake, chumvi inajaa kwenye udongo, mizizi inaungua, na ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia. Hapo utadhani njaa imezidi, na utaongeza tena.

Sasa nianze na mche ulio karibu na dirisha. Tazama jani la pili kutoka chini. Limeinama, lakini halijalegea; limejaa, nene, limejikunja kuanzia kwenye kikonyo hadi ncha. Hiyo ni dalili ya maji kuzidi. Mche wenye kiu majani yake hulegea na kuwa membamba, na ukiinua chungu unakikuta chepesi. Wako una maji tele, ila mizizi haipati hewa, na mzizi usiopata hewa hauwezi kunywa hata ukiwa ndani ya tope. Umeupanda kwenye chungu cha lita 11 tangu mwanzo, na mizizi midogo namna hiyo haiwezi kuyamaliza maji ya udongo wote ule. Usiuhamishe sasa, utaukata mizizi. Acha kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke kina cha kidole, kisha mpe maji kidogo tu, umzungushie kwa duara pembeni ya shina, usimwage shinani. Na chukua chungu kingine cha ukubwa uleule, ukijaze udongo mkavu, uwe unainua hiki na kile. Baada ya muda mikono yako itajua yenyewe lini mche unahitaji maji, hutahangaika tena na ratiba ya siku.

Mche wa katikati umenifanya nifikiri zaidi, maana manjano yake ni ya namna nyingine. Ukiona manjano, kabla ya kuuliza kimekosekana nini, uliza yameanzia wapi. Nitrojeni na magnesiamu mmea unaweza kuvihamisha: vikipungua, huvinyang'anya majani ya zamani ya chini na kuyapelekea machanga ya juu. Kwa hiyo upungufu wake huanzia chini. Nitrojeni ikipungua jani zima hupauka kwa pamoja. Magnesiamu ikipungua mishipa hubaki kijani na katikati yake pakawa manjano. Chuma na kalsiamu havihamishiki, kwa hiyo vikikosekana ni majani mapya ya juu yanayoumia. Wako una majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, na ya chini yako salama kabisa. Kilichokosekana ni chuma.

Lakini usikimbilie kununua chuma. Yaelekea kimo udongoni, ila mizizi inashindwa kukichukua kwa sababu pH imepanda, yaani kile kipimo cha uchachu: kikipanda, uchachu umepungua. Maji ya bomba hapa Berlin ni magumu, yana chokaa nyingi, ile inayoganda kwenye birika. Sijui kama yako huko ni kama yetu, lakini ukiona birika lako lina utando mweupe, jibu unalo. Ukimwagilia kwa maji hayo mara kwa mara, udongo unaacha ule uchachu kidogo ambao mmea huu unaupenda, pH kati ya 6 na 7. Nunua vikaratasi vya kupimia kwenye duka la samaki wa mapambo, upime maji yako. Yakiwa juu ya 7, yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua au yaliyochujwa chumvi. Majani yaliyokwisha kugeuka hayatarudi kuwa kijani kamili, usiyahesabu. Tazama jani jipya litakalochipua. Likitoka kijani, umepona.

Yale majani mawili madogo ya duara ya chini kabisa, yaliyotoka pamoja na mbegu, yakikauka na kudondoka usishtuke. Kazi yao imekwisha.

Wa tatu nasikitika kukwambia hauponi. Nimeikuza ile picha hadi pale shina linapogusa udongo: pamekuwa pembamba kama uzi, pameloana, rangi ya kahawia. Hicho ni kinyausi, kuvu wa udongoni wanaopenda unyevu na ubaridi, na shina likishakatika mishipa pale chini hakuna dawa. Utoe leo, na udongo wake wote, utupe, na chungu ukioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukitumia tena. Sogeza hiyo miwili mbali na kioo cha dirisha, usiku panakuwa na baridi sana pale. Nyuzi 20 hadi 26 zinaitosha.

Na vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu, navyo vimekuja kwa sababu ya udongo kuwa mbichi muda wote. Wakubwa hawadhuru kitu, ila watoto wao wanaguguna mizizi. Chomeka vile vikadi vya manjano vyenye gundi, na udongo wa juu uache ukauke. Wakizidi, kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, *Steinernema feltiae*, inauzwa kwa pakiti kwenye maduka ya bustani. Unaikoroga kwenye maji na kumwagilia. Inawaingia hao watoto na kuwaua, kwa mimea haina madhara.

Taa nayo ishushe. Shina refu jembamba lililojipinda linatafuta mwanga. Kwa taa nyingi za LED sentimita 50 hivi zinatosha kwa mche mchanga, ila fuata karatasi iliyokuja na taa yako. Saa 18 za mwanga, 6 za giza. Washa feni ndogo ipeperushe majani kwa mbali tu, shina litakaza. Hita ya ukutani inakausha sana hewa msimu huu, kwa hiyo weka beseni la maji karibu.

Bustani ya mchicha ya kwenu Tanga jua na mvua vilikusaidia, na mizizi ilikuwa na mahali pa kwenda. Ndani ya chungu kila kitu kinatoka mkononi mwako, ndiyo maana nakuomba ubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, usubiri siku nne tano, uone, kisha ndiyo ufanye lingine.

Jambo moja bado linanikera moyoni. Umeandika kwamba chumba hakina kufuli. Sheria ya bangi ya Ujerumani ya Aprili 2024 inamtaka mwenye mimea aizuie isifikiwe na watoto, na Rehema wako ana miaka minne, kila kitu anakitia mdomoni. Kufuli nunua hata kabla ya vikaratasi vya pH.

Ukipiga picha nyingine zima taa kwanza, ufungue pazia, maana mwanga wa zambarau unaficha rangi ya majani. Piga jani la juu kabisa na shina linapoingia udongoni. Nitumie pia picha ya nyuma ya mfuko wa udongo, nisome kilichomo.

Msalimie mzee na watoto wote.

Wako,
Mwanaidi