Picha ya Jumamosi: kanisa la Auvers

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa nne tunaanza kipindi chetu cha kuchora na picha niliyoituma hapo juu, kanisa la Auvers-sur-Oise, Ufaransa. Vincent van Gogh aliichora Juni 1890, na tarehe 29 Julai mwaka huohuo akafariki palepale kijijini. Sasa iko Paris, Makumbusho ya Orsay.

Kabla hamjaja, fungueni picha kwa ukubwa wote muitafute milango. Hamtaiona. Mchoraji amesimama nyuma ya kanisa, upande wa madhabahu, na njia mbili za mchanga zinapita kushoto na kulia bila hata moja kuingia ndani. Kushoto kuna mama anatembea, katupa mgongo.

Halafu angalieni mwanga. Nyasi na njia zina jua, lakini anga ni buluu nzito kama usiku unaingia. Kuta zimepinda, paa lina zambarau na rangi ya chungwa. Mwenyewe alimweleza dada yake kwenye barua kwamba madirisha ni kama madoa ya buluu. Mimi naona hayo madirisha ndiyo yanayotisha, maana hayaonyeshi kitu.

Zoezi: chagua jengo la mtaani kwako, lichore kwa nyuma. Msikiti, shule, hata ghala, sawa tu. Msitumie rula tafadhali, wale wa mara iliyopita mnajijua 😄

Rangi ya buluu imebaki kidogo, mwenye nayo aje nayo.